Biskuti ya Mum

Watoto wangu walipokuja kukaa nami walikuwa na mama wawili, na mimi sikuwa mmoja wao.

Wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi, shosho yao, aliyewalea kule Elburgon tangu wakiwa hawawezi kukaa bila kuegemezwa mito. Wa pili aliishi ndani ya simu, na huyo ndiye waliyemwita mum. Mimi niliyewazaa, mvulana kwanza, halafu msichana ambaye hata kutoka tumboni alitoka kwa ubishi, niliitwa auntie.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana kuna watu wakisikia hivyo hunitazama kana kwamba niliwatupa watoto jalalani. Baba yao alienda zake kabla hawajaota meno, na sitampotezea wino. Nikapata kazi ya nyumbani Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, nikawaacha pacha kwa mama. Siku ya kuondoka niliwanyonyesha asubuhi, mmoja huku na mmoja kule, na kufika jioni maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu, nimekaa kwenye foleni ya uwanja wa ndege nimejifunika na sweta. Watu huniuliza ndege ikoje. Mimi ninachokumbuka ni blauzi.

Madam wangu alikuwa na binti aliyewazidi wangu umri kidogo tu. Kila Ijumaa mtoto yule alitaka tuoke biskuti. Alipanda kigoda kando yangu, akavaa kiaproni chake, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye unga, na mimi nikamwacha. Nilijifunza kuoka kwa oveni yenye namba, siagi ikapimwa kwa mizani, kila biskuti ikatoka na rangi moja kama zimeshonwa sare. Mtoto alinipenda, na mimi nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu wanawake wengi waliotoka huko hawalisemi. Unalala na harufu ya nywele za mtoto wa watu, na wako yuko Elburgon anakohoa na husikii.

Mama yangu alijua Ijumaa ni siku ya biskuti, kwa hiyo naye akaanza kuoka Ijumaa. Hakuwa na oveni. Alikuwa na debe lililoshindiliwa unga wa mbao, kama majiko ya nyumba nyingi za Elburgon, ambako viwanda vya mbao havikosi unga huo wa kugawia watu. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia unga kuizunguka kwa mti wa mwiko hadi uwe mgumu kama ukuta, unachomoa chupa polepole, unabaki na shimo. Unawasha kutoka chini. Moto wake hauna haraka, unaweza kwenda kanisani ukarudi ukaukuta. Juu yake mama aliweka sufuria kubwa yenye mchanga, ndani ya mchanga sinia ya bati, juu kifuniko na makaa machache. Biskuti zilitoka zimeungua chini. Kila mara. Mama alizikwangua kwa kisu, na yale maunga meusi matamu yaliyoanguka, pacha waliyagombania wakiwa wamefungua midomo kama makinda.

Halafu kulikuwa na ile desturi yake. Biskuti zikishatoka, aliwaambia wachague moja, ile iliyokaa vizuri kuliko zote, waiweke kwenye mkebe wa majani chai uliokuwa juu ya kabati. "Hii ni ya mum. Mum akirudi atakula." Kisha alinipigia simu ya video. Nilikuwa naona paa, kisha kidole gumba cha mama, kisha nyuso mbili zenye unga. Waliigandamiza ile biskuti kwenye kioo cha simu, "Mum, kula!" na mimi, nikiwa nimemshika mtoto wa madam kiunoni asianguke kutoka kigodani, nilifungua mdomo nikatafuna hewa.

Mama alifanya hivyo ili wasinisahau. Na kweli hawakunisahau. Shida yangu yote ilianzia hapo.

Niliporudi, waliniamkia vizuri sana. Walikuwa wamefundishwa adabu. Kila mwanamke aliyeingia nyumbani kwa shosho waliitwa wamsalimie auntie, basi wakanipa mikono, "Auntie, sasa." Mama akasema, "Wee, huyu si auntie. Huyu ndiye mum!" Wakanitazama, halafu wote wawili wakageuka kutazama simu iliyokuwa mezani. Nilicheka. Kila mtu alicheka. Usiku nilimsikia msichana wangu akimwuliza shosho yule auntie ataenda lini kwake.

Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Section 58, Nakuru, ghorofa ya pili, na baada ya wiki kadhaa nikawachukua. Wakati wa kutuaga mama alinivuta nyuma ya jikoni.

"Usiwalete huku saa hii," akaniambia. "Na mimi sitakuja. Wakiniona hawatakuzoea. Wacha wazoee kwanza."

"Mama, unawatupa?"

"Mimi nawatupa? Wewe msichana, usinitafutie maneno. Chukua watoto uende."

Nilikasirika nikashuka hadi Nakuru bila kumwambia tumefika. Hasira zangu huwa hivyo, nazifungia na kuzilisha kama kuku. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nyumba yake ilikuwa imebaki tupu na yeye ndiye aliyeondoa mikono yake ili wanizoee mimi.

Sikuwa nimepata kazi bado, kwa hiyo nilikuwa nao kutwa. Walikuwa watoto wazuri na wageni. Walikula wakasema asante auntie. Walijificha nyuma ya pazia kwenda haja, kwa sababu hawakutaka niwabadilishe suruali. Usiku msichana alilia akimtaka shosho, mvulana akamnyamazisha kwa kumshika sikio, jambo ambalo walilianzia wapi sijui, na mimi nilikaa kitandani kwangu hatua chache kutoka kwao nikiwa na hamu nao kuliko nilivyokuwa nayo ng'ambo ya bahari. Kule angalau nilikuwa na kisingizio cha umbali.

Nikaona dawa ni biskuti. Hapo nilijiamini. Nilinunua oveni ndogo ya stima, nikanunua siagi ya kweli, nikatafuta mizani. Nikawapandisha kwenye viti viwili nikawafunga taulo za jikoni viunoni. Kwanza walikaa tuli kama wako kwa daktari. Kisha mvulana akaona unga. Akauchota kwa vidole vitatu akanyunyizia meza. Hakuna aliyemkemea. Akachota tena. Baada ya muda mfupi unga ulikuwa kwenye nyusi, kwenye soksi, ndani ya kiatu changu, na msichana alikuwa anaimba wimbo wa Sunday school akisukuma donge kwa kiwiko. Tulikata biskuti kwa kifuniko cha chupa ya jemu. Nilijiambia, mama nanii umeweza.

Zilitoka nzuri, rangi ya asali, chini hadi juu. Wakageuza zao kuangalia upande wa chini.

"Hii haijaiva," mvulana akasema.

"Imeiva, baba. Onja."

"Haina nyeusi."

Akaiweka chini. Msichana yeye alikula, ila macho yake yalikuwa kwenye sinia. Akachagua moja, akaiinua kwenye mwanga kama mama mboga anayekagua nyanya, akaniuliza mkebe uko wapi. Mama alikuwa amewafungia ule mkebe wa majani chai pamoja na nguo zao. Nikamletea. Akaiweka ndani taratibu, akafunga kifuniko.

"Ya nani hiyo?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Ya mum."

"Naweza kuila mimi?"

Akaukumbatia ule mkebe. "Wacha, auntie! Ni ya mum. Mum atalia."

Nilienda bafuni nikafungua mfereji. Sijui kama umewahi kuonea wivu mtu ambaye ni wewe mwenyewe. Mimi nimewahi. Yule mwanamke wa kwenye simu hakuwahi kuwafuta kamasi, hakuwahi kuwaamsha kwa homa, alikuwa kichwa tu na mabega mawili na kelele za mwangwi, lakini ndiye aliyewekewa biskuti nzuri kuliko zote. Nilitamani awekwe kando, nipewe nafasi yake. Nilitamani pia nirudi kuwa yeye, kwa sababu yeye alipendwa.

Halafu kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo sikulifikiria hadi mvulana aliponiambia. Tulikuwa tunakunja nguo. Akainua simu yangu akanipa.

"Mum hapigi," akasema.

Bila shaka hapigi. Nilikuwa hapo nakunja soksi zake. Lakini hesabu yao ilikuwa rahisi: auntie alikuja, na tangu siku hiyo mum akanyamaza. Kwao, ni mimi niliyekuwa nimemkalia mahali pake.

Nikapata wazo la kijinga. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye baba yake alifanya kazi ya reli na hajawahi kuondoka Nakuru hata kwa bahati mbaya, alikubali kukaa nao na simu yake. Mimi nikatoka hadi kwenye ngazi nikapiga video. Nikasikia shangwe kutoka mlangoni kabla hata ya kuisikia kwenye simu.

"Mum! Mum! Ngoja!"

Msichana alikimbilia mkebe. Akaja na biskuti, akaigandamiza kwenye kioo, simu yangu yote ikawa giza la kahawia. Nikafungua mdomo, nikatafuna hewa kama zamani. Machozi yalikuwa yananishuka hapo ngazini, na kijana wa mitungi ya gesi akanipita akisema, "Pole mathe."

"Mum yuko karibu," nikawaambia. "Mum anakuja. Tazameni mlango."

Nikaingia nikiwa nimeshika simu mbele ya uso. Simu mbili zikakutana zikapiga mlio wa kukwaruza masikio. Mvulana akanitazama, akatazama simu ya jirani, akanitazama tena, akaangua kilio kikubwa akaingia chini ya kanga ya jirani. Msichana hakulia. Alichukua biskuti akairudisha kwenye mkebe, akabana kifuniko kwa viganja vyote viwili, akakaa juu yake.

"Auntie ameharibu mum," akasema.

Jirani alianza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Pole, mathe ya watoto," akaniambia akinimiminia kikombe cha chai. "Hiyo sasa wacha. Usirudie."

Jioni ile nilimpigia mama yangu. Nilikuwa sijaongea naye vizuri tangu siku ile ya nyuma ya jikoni, na nilimpakulia yote. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifanyia hivi na mkebe wake. Nikamwambia angewaacha wanisahau ningeanza upya kama mtu yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho. Hilo lenyewe lilinitisha, mama si mtu wa kusikiliza hadi mwisho.

"Ulitaka niwaambie nini?" akauliza. "Kila siku wanalia. Nilikuwa nawapatia kitu cha kukuwekea ili wanyamaze. Na mimi pia ninyamaze."

Nilianza kusugua sinia ya oveni, simu nimeibana begani.

"Unawapikia kwa stima?" akauliza baadaye.

"Ndiyo."

"Zinaungua chini?"

"Mama, biskuti haifai kuungua chini."

"Haya," akasema, "we jua hivyo."

Baada ya siku chache dereva wa lori la mbao alinipigia nikachukue mzigo wangu pale barabarani. Magunia mawili ya unga wa mbao, debe, chupa iliyofungwa kwenye gazeti, na kile kikombe cha bati kisicho na mkono mama alichopimia unga tangu nikiwa mtoto. Mzee mmoja aliyenisaidia kupandisha ngazi aliuliza kama nafuga kuku.

Nililiweka debe uani, pembeni mwa kamba za nguo, kwa ruhusa ya jirani ambaye shuka zake zilikuwa hatarini. Pacha waliliona wakasimama. Kisha wakakimbia. Mvulana akachukua chupa akaisimamisha katikati ya debe bila kuambiwa. Msichana akaanza kumwaga unga wa mbao kwa viganja, akinipa amri: "Piga. Piga hapo. Hapana, piga!" Nikapiga kwa mti wa mwiko. Mikono yangu ilikuwa inalijua jambo hilo kuliko kichwa changu. Hata namna ya kuchomoa chupa, unaizungusha kidogo kwanza, halafu unashikilia pumzi, na wao wote wawili walishikilia pumzi pamoja nami, mashavu yamevimba, na nilipoitoa shimo likabaki zima tukapumua sote watatu. Mvulana akapiga makofi. Tangu watoke Elburgon sikuwa nimemwona akipiga makofi.

Mizani ilibaki kabatini. Nilipima kwa kikombe cha bati. Zikaungua chini, bila shaka, na moshi ukaingia shuka za jirani, tukasikia maneno yake. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kukwangua. Sikuwaita. Walikuja wenyewe wakasimama mbele ya magoti yangu, vichwa vimeinuliwa, midomo wazi, na yale maunga meusi yakawaangukia kwenye ndimi na kwenye pua. Mvulana, bila kufikiria, aliweka mkono wake juu ya paja langu asianguke. Niliacha kukwangua kidogo kwa sababu sikuwa naona kisu.

Siku hiyo pia waliweka moja mkebeni. Ya mum. Nilikuwa nimeshachoka kushindana na mwanamke wa simu, nikaona acha tu akae. Tukaoka Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, hadi gunia la kwanza likaisha na mvua zikaanza, tukahamishia debe chini ya ngazi. Biskuti za mum zikajaa mkebe, ngumu kama kokoto. Nilipata kazi ya asubuhi jikoni kwenye hoteli ndogo mjini, nikawa nawaacha kwa jirani. Msichana aliugua masikio akalala kifuani kwangu siku tatu. Mvulana akaacha kujificha nyuma ya pazia. Niliendelea kuitwa auntie, na siku nyingine sikuitwa chochote, nilivutwa tu sketi.

Kuna Ijumaa moja nilirudi kutoka kazini nikakuta wamenisubiri na taulo tayari zimefungwa viunoni, fundo la hovyo la jirani. Hakuna kitu cha pekee kilichotokea. Tulikanda, tukakata, tukaungua vidole, nikakwangua. Nikamwona mvulana akienda kwenye mkebe. Aliumimina wote kwenye ndoo ya takataka, kokoto zote zile, akaufuta kwa taulo lake. Akaweka biskuti moja mpya ndani. Nikageuza uso kama kawaida yangu.

"Ya mum?" nikauliza, ili tu niseme kitu.

"Ya shosho," akasema. "Shosho ako mbali."

Roho ilinipasuka mara mbili kwa pamoja, moja kwa ajili ya mama yangu aliyekaa peke yake na mlango umefungwa, na nyingine kwa ajili yangu, kwa sababu nilidhani wamemsahau yule wa kwenye simu, na pamoja naye kila kitu nilichokuwa kwao. Nikawageukia wote wawili.

"Na ya mum je? Hamjamwekea?"

Msichana alikuwa anajaribu kukwangua yake kwa kijiko. Akaniangalia kama mtu anayesumbuliwa kazini.

"Si umeshika," akasema.

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kisu, na mkono wa pili biskuti, moja iliyokaa vizuri kuliko zote, ambayo sikumbuki ni nani aliyeniwekea hapo. Nusu ya chini ilikuwa bado nyeusi. Niliila yote pale pale chini ya ngazi, na nyeusi yake, na wao hawakunitazama hata kidogo, walikuwa wanagombania kijiko.

Kisha nikafuta mkono nikampigia mama. Nikamwambia aje, au sisi tuje, achague. Nikamwambia kuna yake kwenye mkebe.

"Imeungua chini?" akauliza.

Nikamwambia imeungua.